Mama Niliyempa Bibi Nakijwa

Mwanangu, nakumbuka Jumatano moja ambayo mpaka leo ikinijia kichwani masikio yangu yanapata moto. Usilicheke hilo neno mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu ukiwa umekaa mbali. Lakini wewe umeingia Kidato cha Kwanza juzi, sweta bado linakumeza mikono, na mimi niko cha Nne. Katika shule hii huo ni uzee kamili. Kwa hiyo kula makande yako taratibu huku unasoma, na ukiona maharage ni machache, hilo halinihusu.

Mwaka jana wakubwa wa mji wetu huu mdogo, chini ya mlima, waliamua kufanya maonyesho ya picha za familia za kwanza, zile zilizoshuka kutoka milimani kwenye migomba yao, zikafyeka miiba huku bondeni na kujenga. Picha zikakusanywa. Nyingine zilikuja ndani ya Biblia, nyingine kwenye bahasha za hospitali, moja ilikuja kwenye fremu yenye mjusi aliyekauka. Zote zililetwa shuleni kwetu, na mwalimu wa historia akanipa mimi kazi ya kuzibandika kwenye manila, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ndilo jambo pekee zuri lililowahi kuandikwa kwenye ripoti yangu.

"Nyuma ya picha kuna majina," aliniambia. "Nakili kwanza. Ukishanakili, ndipo ubandike. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Nilielewa kweli. Shida yangu haijawahi kuwa kuelewa.

Picha zenyewe, mwanangu, laiti ungeziona. Wazee wamesimama wima kama wamepigwa msumari. Mababa wameshika viti kwa nguvu, utadhani mpiga picha alikuja kuviiba. Familia moja imepiga picha na mbuzi wao, na mbuzi amewekwa mbele, mkwe akawekwa nyuma kabisa, linaonekana sikio tu. Mimi mtu wa utani nikae na vitu hivyo peke yangu darasani, unategemea nini? Nikaanza kuandika maelezo yangu mwenyewe chini ya kila picha. Pale kwenye kundi la wanaume kumi na wawili niliandika: "Kamati ya kuchagua kamati." Kwa familia ya mbuzi: "Kutoka kushoto, mwenye nyumba, kisha watumishi wake." Nilijiambia nitaandika majina ya kweli baadaye, nikimaliza kucheka.

Gundi iliisha mapema. Nusu ya chupa nilikuwa nimeimalizia kwenye kiti cha monita wetu, habari ambayo nitakusimulia ukifika cha Tatu. Nikaenda jikoni kwa Mama Zuhura, mpishi wetu, nikamwomba uji mzito uliobaki chini ya sufuria. Kwetu uji ndio gundi ya mtu aliyefilisika. Nikapaka, nikabandika zilizobaki, majina yakaenda chini.

Moja ya hizo za uji ilikuwa picha ya wanawake watano na majembe, wamesimama kwenye mdomo wa mfereji. Ililetwa na mzee mmoja wa Lembeni. Babu yake alikuwa mwinjilisti mwenye kamera, na ndiye aliyeipiga siku ya msaragambo, siku watu wote walipotoka kuchimba pamoja ili maji ya ndiva, lile bwawa la zamu kule juu, yafike mjini. Wanne wamekaa sawa. Wa tano, wa mwisho kulia, alitikisika, sura yake imetoka na ukungu, mkono uko mdomoni. Chini yake niliandika: "Huyu alishindwa kutulia hata kidogo. Kidato cha Kwanza."

Hapo ndipo Bibi Nakijwa alipoingia darasani.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu ameshika mkononi, maana njia ya kutoka kwake mlimani ina mawe na viatu vyake ni vya heshima. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimeambiwa iko picha ya mfereji. Nimeambiwa mama yangu yumo."

Nikamwonyesha. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mama alifariki nikiwa nanyonya," akasema. "Simkumbuki, wala sikuwahi kuona picha yake. Sura hizi naziona, Mungu amenibakizia. Ila maandishi ya penseli macho yangu hayayawezi tena. Wamesema majina yako nyuma. Nisomee. Anaitwa Naetwe."

Mwanangu, majina yalikuwa nyuma kweli, na nyuma kulikuwa na uji, na baada ya uji kuna manila. Hapo ningeweza kusema maneno machache tu: Bibi, nimebandika kabla ya kunakili, nipe muda. Mtoto wa chekechea anayaweza. Mimi mwenye mdomo wa kuchekesha shule nzima nikaona aibu. Nikaziangalia zile sura haraka, nikachagua iliyotoka vizuri kuliko zote, mama mmoja mrefu, kilemba safi, macho makali.

"Huyu hapa, Bibi. Wa pili kutoka kushoto."

Akaweka kidole gumba juu ya ile sura. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya paa. Kisha akasema, "Haya. Asante, mjukuu wangu. Jumamosi ya maonyesho nitakuja kumwona tena mbele ya watu." Akaondoka, viatu mkononi.

Nilijipongeza. Nilijiambia nimempa bibi wa watu mama, kaondoka ameridhika, nani ameumia? Na nani angejua? Majina yalikwisha kuzikwa.

Mchana nikaenda kuchukua makande. Mama Zuhura akanishika mkono na mwiko hewani.

"Wewe, yule bibi wa mlimani amepita hapa kuomba maji. Ananiambia leo amemwona mama yake. Hata maji yenyewe akasahau kuyanywa. Umefanya jambo kubwa, wewe. Mimi nilidhani unajua ujinga tu."

Akaniongezea maharage. Mimi, mwanangu. Nikaongezewa maharage, nikashindwa kuyala.

Usiku ule sikuwa na raha. Alhamisi baada ya vipindi nikarudi jikoni na lile manila kwapani, nikamweleza Mama Zuhura kila kitu, na viatu vya Bibi mkononi nikavitaja. Akauliza swali moja tu.

"Ulibandika na nini?"

"Uji."

"Uji wangu?"

"Wako, Mama."

"Basi shukuru. Ingekuwa gundi ya dukani ungechana."

Akalowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akakikamua, akaniambia nilaze picha kifudifudi juu ya meza iliyopanguswa na nikandamize kitambaa juu ya manila, siyo juu ya picha. Tukangoja. Manila likalainika, nikalichuna kidogokidogo kwa kucha, Mama Zuhura akinipumulia shingoni na kusema taratibu, taratibu, unachuna karatasi siyo kuku. Nilikuwa naogopa jambo moja: maji yakifika kwenye maandishi, yote yanayeyuka. Lakini yule mwinjilisti, Mungu amweke pema, hakuandika kwa wino. Tabaka la mwisho la manila lilipotoka, penseli ilikuwa imekaa palepale, kijivu, herufi zimelala upande. Nikasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. La tano ndilo lilikuwa Naetwe.

Yule wa ukungu, mwanangu, niliyemwandikia kwamba alishindwa kutulia.

Ijumaa nikaomba ruhusa, mwalimu wa historia akanipa pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa, nikapanda mlima na picha ndani ya daftari kubwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi. Nilitunga maneno mazuri sana. Nilipofika uani nikamkuta Bibi Nakijwa anapepeta maharage, na maneno yote yakanitoroka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa picha? Mbona una jasho la mwizi?"

"Bibi, nilikudanganya. Majina nilikuwa nimeyabandikia ndani, sikuyasoma. Yule niliyekuonyesha nilimchagua tu. Siye mama yako."

Ungo ukasimama.

"Siye?"

"Siye, Bibi."

"Yule wa pili. Mwenye mdomo umefungwa kama mfuko wa mbegu."

"Siye."

Akaweka ungo chini, akashusha pumzi ndefu. Mimi nilikwisha kupanga njia ya kukimbilia.

"Bwana asifiwe," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Mjukuu wangu, siku mbili hizi nimekaa na yule mama uliyenipa. Nikifunga macho namwona. Nikawa namwambia, nimekutafuta tangu nikiwa mtoto, leo nimekupata, mbona moyo wangu hautikisiki? Mbona unaniangalia kama nimeiba sukari? Nikaona kosa ni langu, nimezeeka nimekuwa na roho ngumu, hata mama siwezi kumpenda. Jana nimepiga magoti nikamwomba msamaha. Kumbe naomba msamaha kwa mtu nisiyemjua."

Akaanza kucheka. Anapocheka huweka mkono mdomoni na kugeukia pembeni, na mabega yote yanakwenda.

Nikatoa picha. Mara hii niliigeuza kwanza, nikasoma kila jina kwa sauti, kutoka kushoto, mpaka la mwisho. Kisha nikaigeuza tena na kuweka kidole changu penye ukungu. Bibi aliangalia ule mkono ulioko mdomoni. Aliangalia wake mwenyewe, ambao ulikuwa bado haujashuka.

"Wenzake wote wametulia," akasema polepole. "Yeye hapa alikuwa anacheka nini?"

Mwanangu, mimi vichekesho havijawahi kuniishia. Nilikuwa navyo vitatu tayari kwenye ulimi.

"Haijaandikwa, Bibi," nikasema.

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri. Kama haijaandikwa, haijaandikwa."

Halafu ndipo akanikemea, bila kupandisha sauti, huku ameirudia kazi yake ya maharage. Akasema Jumatano ningemwambia nimeharibu, arudi kesho, angerudi kesho, miguu yake na mlima vinafahamiana. Mtu aliyesubiri maisha yake yote hawezi kushindwa na siku moja. "Ulinihurumia wewe mwenyewe," akasema, "ukajidanganya unanihurumia mimi." Hapo nilitamani anichape tu yaishe.

Nilipokuwa nataka kuaga akauliza yule mnunaji alikuwa nani hasa. Nikasoma tena nyuma: kwa jina la ukoo, ni bibi wa mwalimu wetu wa nidhamu.

"Nilijua," akasema Bibi Nakijwa. "Sura imeteremka bila kupotea njia."

Jumamosi picha zote zilikuwa na majina yake ya kweli, nimeyaandika upya kwa ule mwandiko wangu mzuri, zile za gundi nikiwauliza waliozileta, na ya kwangu yote nimeyachana. Isipokuwa ya mbuzi, ambayo wenye familia wenyewe waliomba ibaki. Bibi alisimama mbele ya picha ya mfereji tangu asubuhi, viatu miguuni, na kila aliyepita alionyeshwa: wa mwisho kulia, anayecheka.

Basi mwanangu, sikia ninachokuambia kabla kengele haijalia. Utani fanya, nikikukataza nitakuwa mnafiki, lakini mfanyie aliye hai anayeweza kukurudishia. Kitu cha mtu ukipewa, kigeuze usome nyuma kabla hujakipaka chochote. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Ni maneno mafupi, hayachekeshi, na mtu akiyasikia kwako atakuamini siku utakapomwambia unajua.

Mungu akukuze mpaka hilo sweta likutoshe. Akupe walimu wenye subira na mpishi kama Mama Zuhura. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akujalie gundi yako iwe ya uji.