Tarakimu Mbili za Mwisho

Bado naikumbuka asubuhi ile ya Timboroa, mwanangu, na nikiikumbuka vidole vyangu vinaingia baridi upya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa mtaa wa Langas mwenye maneno mengi, na nilikuwa nimepata kazi ya kumsaidia Mzee Kibet kuvisha ndege pete.

Watu wa mtaani walinicheka. "Achieng siku hizi anaozesha ndege," walisema. Mimi nilijivuna tu. Tulikuwa tukitega nyavu nyembamba alfajiri ukingoni mwa msitu, tunawatoa ndege taratibu, kila mmoja tunamvisha mguuni pete ndogo nyepesi yenye namba yake, tunampima, tunaandika, tunamwachilia. Akinaswa tena mwaka mwingine, namba inatuambia kwamba ni yuleyule na ameishi muda gani. Hivyo ndivyo Mzee alivyojua kama ndege wa msitu ule wanaongezeka au wanapungua.

Alikuwa na sharti moja tu. Namba ya pete inasomwa kwa sauti, inaandikwa, kisha inalinganishwa na daftari ndege akiwa bado mkononi. Wiki ile alikuwa ameniahidi barua ya kuniombea kibali cha kuvisha pete mwenyewe, bila kusimamiwa. Barua hiyo niliitaka kuliko chakula.

Basi Mzee akaenda kukagua wavu wa mbali, nikabaki na kurumbiza mmoja aliyekuwa tayari na pete ya zamani. Nilifurahi kama aliyepata mgeni wa nyumbani. Nikaanza kusoma namba, lakini ndege akajipinda, vidole vyangu vimekufa ganzi, na prrr, akaenda zake. Tarakimu mbili za mwisho sikuziona.

Ningeandika tu kwamba ametoroka. Lakini niliiwaza barua yangu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikajaza tarakimu mbili zilizonijia kichwani. Tena niliziandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Wakati wa chai Mzee alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari, kidole kikasimama. Aliinuka akaleta kopo kuukuu la majani ya chai, alimoweka pete za ndege waliopatikana wamekufa. Akatoa moja, akaniwekea kiganjani.

"Soma, Achieng."

Nikasoma. Ilikuwa namba ileile niliyoiandika asubuhi.

"Hiyo nilitoa kwa ndege yenye paka yangu ilishika wiki jana," alisema. "Hata sijaiandika bado. Sasa hebu niambie, imefufuka lini?"

"Nisamehe, Mzee. Ilinitoroka kabla sijamaliza kusoma."

"Kutoroka si makosa. Hata mimi zimenitoroka nyingi. Lakini umefanya yenye imekufa iwe mzima, na ile yenye ulishika leo, hatutaijua tena. Kesho mtu atasoma hii daftari aseme ndege ziko sawa, kumbe zinaisha."

Nililia mpaka chai ikapoa. Nilidhani atanifukuza, na pengine ingekuwa nafuu. Yeye alinipa kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya namba ile, usioificha, na chini yake nikaandika: Ametoroka, namba haikusomwa. Barua sikuipata mwaka ule. Nilipoipata mwaka uliofuata, ndani ya bahasha Mzee alikuwa ametia na ile pete ya ndege aliyeshikwa na paka. Nilimpenda mzee yule, na bado nampenda, ingawa amelala kaburini siku nyingi.

Sasa ni zamu yako. Kesho unapanda Timboroa na wenzako wa chuo, na simu zenu za kuandikia kila kitu. Najua unavyopenda kusifiwa. Hiyo umeirithi kwangu, usimsingizie baba yako. Kwa hiyo nisikilize. Pale usipojua, andika kwamba hujui. Nafasi iliyo wazi kwenye daftari haimdanganyi mtu. Mtu atakaposoma kazi yako, huenda hutakuwapo ili akuulize, na ndege hawezi kuja kukukosoa. Na siku mdogo wako kazini atakapokosea mbele yako, usimfukuze. Mpe kalamu arekebishe, halafu ukae naye mpaka amalize.

Pete ndiyo hiyo, nimekufungia kwenye leso. Mungu akupe macho makini na mkono mwepesi, akulinde barabarani, akurudishe kwangu ukiwa mzima. Vaa sweta mbili. Na ndege akikutoroka, nipigie simu uniambie ukweli wote. Nitakucheka kidogo, kisha nitakubariki tena.