Kifua Kilichonivua Sare

Mimi si mtu wa shule. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga ng'ombe wa mzungu upande wa Rongai, na kila kitu nilicho nacho leo nimekitafuta kwa mikono hii. Kwa hivyo usitafute maneno matamu hapa. Naandika kwa sababu kuna mwanaume mahali fulani anakohoa akiwa amejificha nyuma ya choo. Namjua huyo. Nilikuwa yeye.

Miaka ya hamsini nilikuwa polisi mjini Nakuru. Nilianza kwa kupiga doria na kufukuza wezi wa baiskeli. Halafu, kwa vile nilikuwa mrefu na kifua kipana, nikawekwa njia panda kuelekeza magari. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na wenzangu wengi walipelekwa msituni kupigana na Mau Mau. Mimi nikabaki na magari, na sikuona vibaya. Nilikuwa na kaptura iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, soksi ndefu, na mikono ya kitambaa cheupe ya kuvaa juu ya mikono ya shati. Nikiinua mkono, gari la mzungu linasimama. Fikiria hiyo. Mtoto wa mkamua ng'ombe anamsimamisha mwenye shamba. Siku moja baba yangu alikuja mjini, akasimama ng'ambo ya barabara akiniangalia mpaka jua likawa kali, akarudi nyumbani bila kunisalimia. Mama aliniambia baadaye kwamba baba aliogopa kuniharibia kazi.

Kikohozi kilianza wakati wa kiangazi. Nakuru wakati huo kila mtu anakohoa, vumbi linaingia hata kwenye ugali. Nikasema ni vumbi. Mvua ikanyesha, vumbi likalala, kikohozi hakikulala. Ikaja homa ya jioni. Ikaja jasho la usiku, godoro linalowa mpaka upande wa pili.

Mke wangu, Mama Chebet, alipapasa blanketi akaniuliza, "Baba Chebet, hili ni jasho ama umekojoa?"

"Ni malaria. Lala."

"Malaria gani hii haiishi?"

"Nimesema lala!"

Nikaanza kukonda. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kipolisi, maana mtu mwingine yeyote angekwenda hospitali. Sisi kila wiki tulikaguliwa kwenye gwaride. Askari aliyeonekana dhaifu alipelekwa kwa daktari, na daktari akisema hufai, unavua sare na unatoka kwenye laini, zile nyumba za polisi. Kwa hivyo sikutafuta dawa. Nilitafuta unene. Nilijifunga taulo kifuani chini ya shati. Taulo likawa halitoshi, nikakata blanketi kuukuu vipande viwili, kimoja tumboni, kingine mgongoni. Soksi zikaanza kuteleza kwa sababu miguu imekuwa kama fito, nikazifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mkaguzi alipita mbele yangu akasema, "Vizuri, unanenepa." Nikasema, "Ndiyo, afande." Nilisikia fahari, mimi mjinga. Halafu nikaenda kusimama juani nimevaa blanketi, naiva ndani kama kiazi kwenye majivu.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja nilisimamisha lori la kabeji, nikaweka filimbi mdomoni, nikapuliza. Badala ya sauti ikatoka damu. Damu nyekundu yenye povu, imejaa kinywa, imemwagika kwenye ule mkono mweupe. Nikapiga magoti katikati ya barabara. Wapakiaji wa lori waliruka chini, wakanibeba, wakanitupa juu ya kabeji, wakanipeleka hospitali.

Dresa, msaidizi wa daktari, alinifungua vifungo mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Akavuta taulo. Akavuta kipande cha blanketi. Akavuta kingine. Akasimama akanitazama.

"Afande," akasema, "wewe ni mtu ama ni kifurushi?"

Benchi zima likacheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akashika ubavu, na mtoto wake mgonjwa mgongoni naye akacheka. Mimi nilikuwa nimelala pale, mbavu zote nje, nusu ya mji ikijua uso wangu. Nilitamani ile damu irudi inimalize.

Daktari alikuwa Mhindi mzee, mpole. Aliangalia picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha. "Pafu la kulia lina tundu," akasema. "Ni kifua kikuu. Ungechelewa kidogo tu ungezikwa."

"Nikipona nitarudi barabarani?"

"Utapona ukikaa kitandani na kumaliza dawa. Kwenye vumbi na jua, hapana. Tafuta kazi nyingine."

"Sijui kazi nyingine."

"Basi utajifunza ukiwa hai," akasema.

Sajini wangu alikuja kuchukua sare. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia Mama Chebet ampe kila kitu, mshipi, kofia, buti. Sajini akasema, "Pole, ndugu yangu," akabeba buti zangu mkono ukiwa umenyooka mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba paka mfu. Mke wangu alitoka kwenye laini wiki hiyo hiyo akarudi kwa wazazi wangu na mtoto. Walipimwa wote wawili, wakaonekana wazima. Nashukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa uhai wangu.

Sindano nilidungwa matakoni kila siku mpaka nikawa siwezi kukaa. Masikio yakaimba kama nyuki. Kulikuwa na dawa nyingine chungu iliyonipeleka choo mbio. Makohozi nilitema kwenye kopo lenye kifuniko, kila mmoja na kopo lake. Na kitandani hakuna ruhusa ya kushuka. Sista akaja na kikapu cha nyuzi za sufu na sindano za kufuma, ili wanaume watulie.

Nikamwambia, "Mimi nimetahiriwa. Peleka kwa wanawake."

Kitanda cha pili alilala Omondi, mchinjaji mkubwa, na alikuwa anafuma soksi ya mtoto, ya manjano. Akaniambia bila kuinua macho, "Afande, hebu sema ukweli. Ukishika hii sindano, serikali itaanguka?"

"Wewe huoni haya?"

"Naona. Lakini mtoto wangu ana miguu baridi."

Niligeukia ukuta. Niliutazama huo ukuta wiki nyingi. Mwishowe nikaomba uzi kwa sauti ya chini, nikafumia chini ya blanketi mtu asione. Soksi ya kwanza ilitoka kama shingo ya bata. Omondi aliivaa kichwani, wodi nzima ikacheka, na kwa mara ya kwanza nami nikacheka. Nikafuma nyingine. Nikafuma sweta. Mikono yangu ikawa inajua kitu ambacho mimi sikutaka kukijua.

Nilipotoka nilikuwa bado na dawa za kumeza za miezi mingi. Daktari alisema makohozi yangu yanapimwa bado, nisishiriki chombo na mtu. Nikaenda kwa wazazi Rongai. Jumapili wazee wakaweka nyungu ya pombe, wakakaa kuizunguka na mirija yao mirefu. Kwetu mrija unapita kwa wenye heshima. Baba alinyonya, akaufuta kwa kiganja, akaninyooshea mbele ya watu wote.

"Kunywa, polisi wangu," akasema.

Hakuwa anajua. Mke wangu na mama walikuwa wamemwambia ni mbavu zilizovunjika. Wazee wote waliniangalia. Kuukataa mrija wa baba yako ni kumtukana. Kuupokea ni kumtia ugonjwa. Nakuambia ukweli, mkono wangu uliinuka kuupokea. Uliinuka wenyewe. Nikaurudisha.

"Baba, siwezi. Nina kifua kikuu."

Mzee aliyekaa kando yangu akasogeza kigoda chake. Sikumlaumu.

"Na si polisi tena," nikasema. "Nimefukuzwa kwa ugonjwa. Kazi ninayoijua sasa ni kufuma masweta."

Mwenzangu wa rika, niliyetahiriwa naye, akacheka. "Masweta? Na kunyonyesha utaanza lini?"

Wakacheka. Baba hakucheka, na hakunitetea. Aliurudisha mrija kwenye nyungu. Kisha akamwita mama alete kikombe cha bati, akachota pombe kwenye nyungu, akakiweka chini mbele yangu. "Hicho ni chako," akasema. "Mtu mwingine asikiguse." Nikanywa mbele yao, masikio yanaungua. Mpaka alipokufa hakuniita tena polisi wangu, wala hakupata jina lingine la kuniita.

Nilimaliza dawa zote, hata zile nilizotapika nikameza nyingine. Kifua kikakauka. Nilianza kuuza masweta sokoni Nakuru, baadaye nikafungua duka, nikanunua mashine ya kufuma, ikawa mbili, nikasomesha watoto wangu kuliko nilivyosoma. Nilijenga nyumba ya mawe kwa uzi. Najivunia hilo, na sitajifanya sijivunii. Lakini polisi akipita dukani, mpaka leo sindano zinashuka magotini zenyewe, na Mama Chebet ananiambia, "Inua mikono, mzee, umeiba?"

Nawashukuru wale wapakiaji wa kabeji ambao sikujua majina yao. Namshukuru daktari, na Omondi, na mke wangu ambaye alipapasa lile blanketi na bado akalala pembeni yangu.

Na wewe unayekohoa, sikudanganyi kwamba aibu itaisha. Yangu haijaisha. Nimekula nayo, nimezeeka nayo, haijaniua. Nenda kesho asubuhi ukapimwe. Kama unaona haya kukaa peke yako kwenye lile benchi, pitia dukani kwangu, nitafunga mlango tuende pamoja. Wakicheka, waambie umenisindikiza mimi.