Siku Zuhura Alipozima Redio

Nikifumba macho, mwanangu, naiona ile siku wanawake wa Kihonda walivyojaa sebuleni kwangu wamevaa njano, kuanzia vilemba hadi kandambili, kumshangilia mtoto ambaye bado alikuwa tumboni. Mtoto huyo ndiye dada yako Mwanahawa, ambaye leo naye ni mjamzito. Jana umekaa hapa jikoni ukanionyesha kwenye simu mapambo unayotaka kumfanyia, mawingu ya pamba, maputo, na michezo ya kuchekesha, kisha ukaniuliza, "Mama, enzi zenu mlikuwa na bebi shawa?" Nikacheka nikakwambia tulikuwa nayo. Lakini sikukumalizia, na ninataka nikumalizie kabla hujaanza kualika watu.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Vitu tulivyopangia foleni tukiwa wasichana, sabuni, khanga, dawa ya meno, vilianza kumwagika sokoni mpaka ukashindwa kuchagua. Mitumba ikaja kwa marobota, na mitaani watu wakaanza kukusanyika kwa yeyote mwenye video. Mimi na baba yako tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kihonda. Yeye alikuwa akiendesha lori, leo yuko Dodoma, kesho Iringa. Mimi nimekulia Ngerengere, kwa hiyo mtaani pale nilikuwa mgeni, na mtu wa kwanza kunigongea mlango akanisalimia alikuwa Zuhura.

Zuhura unamjua kama bibi mwenye magoti mabovu anayekuita mchumba wa wajukuu zake. Mimi namjua akiwa msichana mwenye makeke, anayeuza nguo za watoto za mitumba pale sokoni, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Watu walimwona mtu wa mambo ya juu juu tu. Akipika chai lazima vikombe vifanane. Akienda msibani lazima khanga ya leo isiwe ya jana.

Sasa, mwanangu, kabla ya dada yako nilikuwa nimepoteza mimba. Ya pili ilipoingia sikumwambia mtu mpaka tumbo likajisema lenyewe. Sikununua hata soksi. Jina la mtoto sikutaka kulifikiria, maana nilihisi nikilitamka tu nitamkosa tena. Zuhura akaliona hilo bila kuambiwa. Akaja siku moja na habari kwamba ameona kwenye kanda ya video wanawake wa ng'ambo wakimfanyia mwenzao sherehe kabla hajajifungua, wanakula, wanacheza michezo, wanampa mtoto zawadi.

"Tatu, na wewe tutakufanyia," akasema. "Umeogopa vya kutosha. Hebu ufurahi hata siku moja."

Nikakataa. Akarudi. Nikakataa tena, akarudi na mambo yote yameshapangwa. Kila kitu kiwe cha vifaranga, kwa sababu hatujui kama ni wa kike au wa kiume, na kifaranga hakimuudhi mtu. Akakata vifaranga vya karatasi, akavipaka rangi ya njano na kuvibandika ukutani. Meza akaitandika kitambaa cha njano, na mandazi akayakata kwa umbo ambalo yeye alisema ni kifaranga. Sisi wengine tuliona kobe, lakini nani angemwambia?

Niliyemwogopa ni mama mkwe wangu, bibi yenu mzaa baba. Alikuwa ameshuka kutoka kwao milimani na tenga la ndizi na pesheni, aje akae nami mpaka nijifungue. Kwao mtoto hatayarishiwi makubwa kabla hajafika. Nilimpigia magoti, nikamwamkia, nikamweleza huku nikitazama sakafu. Akasema, "Zawadi zisiingie humu ndani mpaka mwenyewe aje azipokee. Lakini kucheka, chekeni tu." Zuhura alipoambiwa akakubali palepale, zawadi zote zikawekwa kwake. Nilijifunza kitu kwa namna wale wawili walivyopatana haraka hivyo, kila mmoja akiachia kidogo, na wote kwa ajili yangu.

Siku yenyewe niliamka kichwa kinagonga. Miguu ilikuwa imevimba, lakini kila niliyemwonyesha aliniambia ndivyo ujauzito ulivyo. Kila nikiinama naona vinyota. Sikumwambia mtu. Watu wamehangaika wiki nzima kwa ajili yangu, nitaanzaje kulalamika? Nikavaa gauni langu la njano, nikakaa kwenye kiti nilichopambiwa, nikatabasamu.

Na kwa kweli ilikuwa raha. Kulikuwa na mashindano ya kunywa juisi ya ukwaju kwa chupa ya mtoto, wanawake wazima wananyonya mpaka mashavu yanaingia ndani. Kulikuwa na mchezo wa kumfunga mdoli nepi huku umefungwa kitambaa machoni. Wasichana walimfunga mdoli kichwani, wengine mkono pamoja na mguu. Bibi yenu, aliyekuwa amejikunyata pembeni na khanga yake ya njano ya kuazima, akaitwa kwa utani. Akafungwa macho. Akamvisha mdoli nepi, akamgeuza, akambeba mgongoni na kuanza kumbembeleza kwa Kiluguru, watu wakalala chini kwa vicheko. Ndipo nilipomzoea bibi yenu. Kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu.

Kisha ukaja mchezo wangu. Zuhura alisimama mlangoni na kapu, atoe kitu kimoja kimoja cha mtoto, na mimi nikiwa nimeketi kwangu nikitaje haraka. Akainua cha kwanza. Nikakodoa macho. Mbele yangu palikuwa na kitu cheupe kinachocheza kama kiko ndani ya maji.

"Soksi," nikasema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Alikuwa ameshika taulo kubwa la kuogea.

Nikacheka nao. Akainua kingine, nikakisia, wakacheka zaidi, wengine wakapiga makofi wakidhani nafanya makusudi. Zuhura peke yake hakucheka. Aliweka kapu chini, akaja mpaka kwangu, akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tatu, unaniona?"

"Nakuona."

"Nimevaa hereni au sikuvaa?"

Nikamtazama. Nikaona uso wenye ukungu, pembeni mwake giza. Akanishika mkono.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Tangu asubuhi," nikasema. "Lakini endeleeni, Zuhura. Keki bado haijakatwa."

Akainuka, akazima redio. "Shughuli imekwisha," akasema. "Mwenye kujua gari lilipo alilete." Kuna aliyenung'unika kwamba tungoje hata keki, kwamba huenda ni joto tu. Zuhura hata hakugeuka kumjibu. Akakivuta kile kitambaa cha njano mezani kwa mkono mmoja, sahani za mandazi zikaanguka, akatoka nacho kwenda kukitandika nyuma ya pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka kabichi sokoni. Wakanilaza hapo. Bibi yenu akakipakata kichwa changu, wenzake wakakaa pembeni kunizuia nisitikisike. Tukavuka mji hivyo, pikapu imejaa wanawake wa njano, na barabarani watu wakitupungia mikono na kupiga vigelegele wakidhani tunatoka harusini.

Hospitali walinipima, na muuguzi akatoka mbio kumwita daktari. Presha ilikuwa imepanda sana. Daktari alimwambia bibi yenu waziwazi kwamba wangenichelewesha nyumbani ningeanguka kifafa cha mimba, na huenda tungeondoka wote wawili. Nikapelekwa kufanyiwa upasuaji. Dada yako akatolewa kabla ya wakati wake, mdogo, lakini analia.

Nilipopata fahamu vizuri, nilimkuta Zuhura kwenye kiti kando ya kitanda, bado na nguo zake za sherehe. Neno la kwanza nililomwambia, mwanangu, ni hili: "Nisamehe. Nimekuharibia shughuli yako."

Kabla Zuhura hajafungua mdomo, bibi yenu akasema kutoka upande wa pili wa kitanda. Hakupaza sauti, lakini sijawahi kukemewa vile.

"Unaomba radhi kwa kuumwa? Hawa watu walimfuata nani pale, wewe au karatasi za ukutani? Mtu akipendwa, akubali kupendwa. Aseme panapouma, ili wanaompenda wapate la kufanya."

Nikalia. Zuhura naye akalia, kisha akajipangusa akasema kwamba vile vifaranga vyenyewe gundi haikushika, vilikuwa vinaanguka tangu mchana. Tukacheka mpaka mshono ukaniuma na muuguzi akamfukuza.

Tulikaa sana wodini, lakini tukarudi nyumbani wawili. Zuhura akaileta mizigo ya zawadi siku hiyohiyo, na wale wanawake wakarudi kukaa nasi, mara hii kila mtu na nguo yake ya kawaida. Nguo zote zilikuwa kubwa kwa dada yako, fulana moja ingetosha kumfunika mara mbili. Bibi yenu akampokea mikononi, akamwonyesha zawadi moja baada ya nyingine, akimtajia jina la kila aliyeleta.

Ninashukuru, mwanangu. Nashukuru kwamba nilipewa marafiki wanaojua kupamba, na wanaojua kuacha mapambo. Kama Zuhura angeipenda sherehe yake kuliko mimi, leo usingekuwa na dada wa kumfanyia sherehe, na wewe mwenyewe sijui ungetoka wapi.

Basi fanya, wala sikuzuii. Weka mawingu yako, waite watu, wacheke. Ila dada yako mwekee kiti chenye mgongo, na michezo yake iwe ya kuketi. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hujapuliza puto hata moja, nenda kwake mkiwa wawili tu, umuulize amelalaje, miguu ikoje, macho yakoje. Usiridhike akikujibu "niko salama" huku anatazama pembeni. Sisi wajawazito ni waongo wa huruma. Wakati wa michezo mtazame yeye zaidi ya unavyotazama simu. Ujue gari liko wapi. Na ikibidi watu warudi nyumbani bila kula, warudi, usione haya. Nawe itakapofika zamu yako, usikae kwenye kiti ukatabasamu huku unaumwa. Sema. Watu wako hawatachoka nawe.

Mungu amfungulie dada yako kwa wepesi, amtoe salama yeye na kiumbe chake. Akupe wewe jicho la kuwaona wenzako, na akuzungushie watu wa kukuona wewe. Nyumba yako isikose watoto wa kulelewa, wala mikono ya kukusaidia kuwalea. Amina, mwanangu.