Ushuhuda wa Mama kwenye Pikapu ya Dawa

Mama yangu hasemi uongo. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza. Ni Msabato wa kweli kweli, wa kupika chakula cha Sabato siku ya Ijumaa na kukataa hata kuulizwa habari za majani chai mpaka jua la Jumamosi lizame. Akikwambia mvua inakuja, anua nguo.

Siku moja ya soko pale Kebirigo alimkuta muuza dawa. Alikuwa na pikapu yenye spika juu, na chupa za maji ya kahawia ambazo, kwa maneno yake, zilitibu sukari, presha, mgongo, vidonda vya tumbo na mume asiyetulia. Mimi ningepita nikicheka. Mama alinunua, kwa kuwa alikuwa amechoshwa na vidonge vya sukari alivyomeza miaka nenda miaka rudi. Baada ya siku chache akahisi mwili mwepesi, akaviacha vidonge. Mimi sikuambiwa.

Soko lililofuata alirudi kwa yule bwana, naye akamsogezea simu mdomoni. “Omong'ina,” akamwita, kama tunavyowaita kwa heshima mama wazee wa kwetu, “toa ushuhuda.” Jamani, neno hilo! Mwambie mama yangu atangaze biashara, atakufukuza. Mwambie ushuhuda, anafunga kitambaa vizuri kichwani, anasimama wima, anamshukuru Nyasae, yaani Mungu, kwa sauti ile inayofika viti vya nyuma kanisani. Akasema alikuwa mgonjwa wa sukari na sasa amepona. Yule bwana akarekodi yote.

Mimi nafanya kazi Kisii mjini. Jioni moja nilishuka Kebirigo nikienda nyumbani, nikasikia mama yangu akinguruma sokoni. Nikadhani kuna mkutano wa injili. Kutazama, ni sauti yake kwenye spika ya ile pikapu, na watu wamepanga foleni. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

Nyumbani nilimkuta ameweka mguu juu ya kigoda. Kidole kilikuwa na kidonda alichokifunga kwa kipande cha leso, naye alikuwa akinywa maji kama mtu aliyeshinda akilima. Hasira yote ikaniisha, nikaingiwa na hofu. Mzee mmoja wa kijiji chetu alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo hivyo.

“Mama, kesho twende kliniki.”

“Nimeshasema nimepona.”

“Umemwambia nani?”

“Mungu, mbele ya watu. Nikirudi kumeza vidonge, ule ushuhuda utakuwa nini?”

Nilimbembeleza, nikamfokea, mwisho nikalia. Wapi! Yule mtu alikuwa amemfungia mama yangu mlango wa kliniki kwa ulimi wake mwenyewe. Nililala bila kula, na mimi si mtu wa kulala bila kula.

Asubuhi akapita jirani, mama mmoja anayechuma chai na mama yangu. Naye ana sukari. Alikuja kushukuru, na kwenye kikapu alikuwa na chupa ya yale maji ya kahawia.

“Nilikusikia sokoni,” akamwambia mama. “Nikasema huyu hawezi kutudanganya. Vidonge vyangu nimevitupa chooni.”

Mama alimtazama, kisha akautazama mguu wake. Halafu akainama, akafungua kile kipande cha leso na kumwonyesha kidonda.

“Ushuhuda wangu haukuwa umekwisha,” akasema. “Niliukatiza katikati.”

Tukaenda kliniki sote. Muuguzi alimkaripia vilivyo, na mama akasema, “Karipia tu, mwanangu.” Kidonda kikasafishwa, vidonge vikarudi mezani, na jirani akapewa vyake.

Siku ya soko mama aliniegemea mpaka kwenye pikapu. Spika ilikuwa inamshukuru Mungu kwa sauti ya mama. Akavua kiatu chake cha wazi, akasimama mbele ya foleni na bendeji yake.

“Huyo ni mimi, na sijapona,” akasema. “Tazameni.”

Muuzaji akaongeza sauti ya spika. Mama naye akaongeza yake, na kwa hilo hana mpinzani Nyamira nzima. Mama mmoja akarudisha chupa, kisha mwingine. Yule bwana akawasha gari akaondoka. Mimi nilicheka hadi machozi, nikamnunulia mama ndizi mbivu, kisha nikakumbuka hatakiwi kula nyingi, nikazila mwenyewe.

Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pale mdogo wake mama, aliyeolewa Nyamarambe, alipopiga simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko.

“Dada, nakusikia hapa kwenye spika! Unasema vizuri kweli. Niko kwenye foleni.”

“Toka kwenye foleni,” mama akasema.

“Lakini ni wewe!”

“Toka, nakuja.”

Kutoka kwetu hadi Nyamarambe si karibu, nikamwambia hivyo. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta kile kiatu chake cha wazi.