Maneno ya Mwalimu Kwenye Hansadi

Mwalimu aliyenisomesha Kiswahili darasa la nne kule Takaungu alikuwa akisoma imla polepole, akipita katikati ya madawati na mikono mgongoni, na ole wako uandike neno ambalo yeye hakulitamka. "Andika nilichosema," alikuwa akituambia, "si unachodhani nilitaka kusema." Miaka mingi baadaye, alipokwisha kustaafu na kurudi kwao bara ya Malindi, watu wa wadi yake walimchagua awe mwakilishi wao katika bunge la kaunti ya Kilifi. Mimi nilikuwa nimeajiriwa humo humo bungeni, kitengo cha Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa ukumbini. Nikawa naandika tena anachosema Mwalimu, safari hii kwa mshahara.

Hakuwa amebadilika. Alikuwa akipita ofisini kwetu na korosho za kuchoma zilizofungwa kwa gazeti. Nikimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," yeye huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha huinamia kompyuta yangu kutafuta kosa. Akilipata alifurahi kama aliyeokota pete. Wenzangu walimwita Mheshimiwa. Mimi ulimi wangu ulikataa.

Kabla ya kazi ile nilidhani serikali ni ule msafara wa magari tunaoupisha barabarani. Nilipokaa pale na hedfoni masikioni, siku baada ya siku, ndipo nilipoona jinsi madaraka yalivyokatwa vipande vipande. Gavana na mawaziri wake hupendekeza, wawakilishi hukubali au hukataa, mkaguzi naye huja baadaye kuuliza. Hata sisi tulikuwa na kipande chetu kidogo. Mjumbe aliruhusiwa kuja kuangalia rasimu, na kama tumemsikia vibaya tulisahihisha. Kugeuza maana hakuruhusiwa mtu yeyote.

Basi ikaletwa bajeti ya nyongeza. Waziri mmoja wa kaunti alikuwa ameiambia kamati kwamba maji yamekwisha fika kwenye zahanati moja ya wadi ya Mwalimu, kwa hivyo fungu lililotengewa bomba la kuyafikisha lihamishiwe kazi nyingine. Mwalimu alikuwa wa chama cha gavana. Kila mtu alimtarajia aunge mkono, akae.

Alisimama. Wengi hapo huchanganya na Kiingereza, lakini yeye alisema kwa Kiswahili chake cha darasani, neno kwa neno, hata vidole vyangu vikawa vinamfuata bila taabu.

"Bwana Spika, mimi ni wa chama cha gavana, na kura nilimwombea kwa mdomo huu huu. Lakini Jumapili nilikwenda kwenye ile zahanati. Bomba nimelifungua kwa mkono wangu, likatoa upepo. Nikamkuta mama mjamzito ameketi juu ya dumu la maji alilokuja nalo kutoka kwao, kwa sababu ameambiwa asije kuzaa bila maji. Sitaiunga mkono hoja hii. Na mkiniona naiunga mkono siku ya kura, niulizeni nimekunywa maji ya wapi."

Ukumbi ukavuma. Spika aliahirisha kura hadi Jumanne iliyofuata.

Alasiri ile ile Mwalimu akaja ofisini. Hakuja na korosho. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akashusha sauti.

"Mwanangu, ile sentensi yangu ya mwisho. Ya kunywa maji."

"Naam, Mwalimu."

"Itoe."

Nilidhani nimekosea mahali. Nikamvisha hedfoni, nikamrudishia sauti yake. Alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Sauti imezeeka hii," akasema.

"Lakini maneno ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo." Akazivua hedfoni taratibu. "Wakubwa wa chama wameniita. Hawakunitisha, usidhani. Walinipa chai. Wakaniambia tu kwamba barabara ya kwetu bado haijapangwa, na wanaopanga ni watu wenye kumbukumbu nzuri. Sasa kura ya kuunga mkono naweza kuipiga nikanyamaza. Lakini sentensi ile ikibaki, nitakuwa kichekesho."

Nilimtazama yule mtu niliyekuwa nikitetemeka mbele yake nikiwa na miaka kumi. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni. Nilitamani kumpa alichotaka. Sentensi moja tu, nani angejua?

"Mwalimu, kama nimesikia vibaya nitasahihisha sasa hivi," nikasema. "Lakini nikitoa ulichosema wewe kwa sababu nakupenda, kesho atakuja mwingine nitoe cha kwake kwa sababu namwogopa. Nitamkataliaje?"

"Nani amekufunza ukaidi huu?"

Aliinuka, akaenda zake, wala hakuniaga.

Mhariri wetu, mama mmoja wa kutoka bara aliyehamia Kilifi na kanisa lake na mashuka yake ya kufuma, alikuwa amesikia yote kutoka meza ya pili. Alichukua rasimu, akaisoma, akaitia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa karani wa bunge. Aliporudi alisema tu, "Hiyo imeenda. Sasa kula chakula chako."

Sikuweza kula. Mwisho wa wiki nilikwenda kwetu Takaungu, nikamhadithia mama huku tukichambua mchicha. Aliniuliza swali moja.

"Ulimvunjia heshima?"

"La."

"Ulipaza sauti?"

"La, mama."

Hayo yakawa mawili. Akakung'uta majani. "Basi mwache. Hasira za mwalimu ni za kupita. Mimi mwenyewe aliwahi kunifukuza mkutano wa wazazi, na harusi yako alikuja."

Jumanne ikafika. Nilikuwa zamu. Kiongozi wa walio wengi alimaliza kuipigia debe hoja, akamwangalia Mwalimu kwa tabasamu, na Mwalimu akaomba nafasi.

"Bwana Spika," alianza, na mimi nikakosea kuandika hata neno hilo. "Nilishauriwa niyafikirie upya maneno yangu. Ushauri nikaukubali. Nikenda kuyatafuta ili niyapunguze kidogo. Nimeyakuta yamekwisha andikwa, na mwandishi amekataa kuyatoa. Sasa mimi nifanyeje? Sina budi kuyafuata. Napinga."

Ukumbi mzima ulicheka, hata Spika, hata kiongozi wa walio wengi alicheka kabla hajakumbuka kwamba anashindwa. Baada ya kicheko kile akainuka mjumbe mwingine, mama wa ukanda wa pwani, akasema naye angependa kulifungua bomba hilo kwa mkono wake. Hoja ikarudishwa kwenye kamati. Kamati ikaenda zahanati, ikalifungua bomba, ikapata upepo ule ule.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa matamu baada ya hapo. Mwalimu aliondolewa kwenye kamati aliyoipenda. Barabara ya kwao haikutiwa hata changarawe muhula ule wote. Maji yalifika zahanati baada ya mvua za vuli, na si kila siku, ingawa akina mama waliacha kubeba madumu.

Siku chache baada ya Jumanne ile nilimkuta nje ya lango, chini ya mkwaju, anangoja tuktuk. Nilimwamkia kwa woga. Aliitikia, akanishika mkono asiuachie.

"Watu wananiita shujaa," akasema. "Wewe pekee ndiye unayejua nilivyoogopa."

"Sikumwambia mtu, Mwalimu."

"Najua. Siku ile nilikuja kwako na matumaini mawili. La kwanza, ukubali." Akatazama barabara. "La pili, ukatae. Nilipotoka pale nilikasirika kwelikweli, lakini nilipofika kwenye ngazi nikajikuta miguu ni myepesi. Nikasema, haya, sasa sina njia nyingine."

Nililia pale pale langoni, mbele ya askari. Yeye akacheka, akatoa leso, akaitazama, akaona si safi, akairudisha mfukoni. Tuktuk ikaja. Aliniambia nipande, tutashuka pamoja mjini, mke wake amemwagiza viazi vitamu na hajui kuchagua.

Sokoni nilimchagulia viazi. Alibishana na muuzaji juu ya kila kimoja, na kila aliyempita alimwita Mheshimiwa, naye akawa anageuka kutazama anaitwa nani.