E ya Kulea

Wifi yangu hajawahi kuwa shujaa wa mtu. Nalisema hili mapema, maana mtaani kwetu mpaka leo wapo wanaomwona akipita na kopo lake la rangi wakamnyooshea kidole gumba, na vijana wa kibanda cha simu humpigia makofi. Wanasema yule mama aliwapasulia wakubwa ukweli, tena kwa maandishi, tena juu ya mhuri wao wenyewe. Mimi ninayeishi naye nyumba moja, ninayegombania naye ndoo ya kuogea, najua kilichotokea. Wifi yangu alichoka. Basi.

Kazi yake ilikuwa kuandika maneno kwenye gazeti la vibonzo. Mhariri akishatunga, mchoraji akishachora, kurasa zilifika mezani kwake vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu vikiwa vitupu, naye alivijaza kwa mkono, kwa wino mweusi, herufi kubwa tupu, kwa sababu herufi ndogo kwenye karatasi yetu ya bei rahisi zilivimba zikageuka madoa. Ofisini viduara vile tuliviita mapovu, na yeye tukambatiza Bi Povu. "Mimi ndiye mwanamke pekee mjini ninayelipwa kwa kutokwa na povu," alipenda kusema. Mimi nilikaa mapokezi, mezani kwa simu, na kazi hiyo ni yeye aliyenipatia.

Kwenye kona ya chumba chake palikuwa na kompyuta yenye herufi za kila sampuli, imefunikwa kitambaa. Mhariri alikuwa hajaigusa, kwa madai kwamba herufi za mashine hazina sauti. Lakini sote tulijua kwamba siku wifi akiboronga, kitambaa kile kitaondolewa naye atamwaga unga. Na hakuwa mtu wa kumwaga unga. Mume wake, yaani kaka yangu, alikuwa ameanguka kiharusi, upande wa kulia umekufa na maneno yamemwisha, na dawa zake zilitoka kwenye mapovu yale.

Kaka ni pande la mtu, alikuwa mpasua mbao. Kila asubuhi wifi alimtoa kitandani akamweka kitini. Aliingiza goti lake kati ya magoti ya mumewe, akapitisha mikono kwapani, akasema, "Haya bwana wangu, moja, mbili," kisha akamwinua. Nikijaribu kusogea, alinifukuza. "Utamwangusha. Wewe hujui anavyoshikwa." Mimi ni ndugu yake wa damu, tumenyonya ziwa moja, lakini kumgusa sikuruhusiwa.

Sasa, gazeti letu lilikuwa na mhusika anayependwa kuliko wote, Mama Kishindo, mchukuzi wa sokoni mwenye nguvu za kuinua nyumba iliyoanguka. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiinua, watu wanatoka vumbi mwili mzima, wasomaji wanalala wameridhika. Halafu mhariri akaleta Sheria. Katika hadithi, Serikali ikatangaza kwamba kila mwenye nguvu zisizo za kawaida ajiandikishe, apewe beji, na asinyanyue hata tofali bila kibali. Siku hiyohiyo ghorofa likaanguka. Mama Kishindo akasimama nje, mikono nyuma, anasikia watu wanagonga chini ya kifusi, na kibali hakijatiwa saini kwa sababu mtiaji saini yuko mkutanoni.

Simu zilinitoa jasho wiki ile. Nusu ya wasomaji walitaka avunje Sheria. Nusu nyingine, na hawa ndio waliokuwa wakali, walitaka ajiandikishe kama raia mwingine yeyote.

Nyumbani nasi tuligawanyika. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, kaka kitini kwake katikati yetu.

"Wifi, hapo mimi niko na Serikali," nikamwambia. "Mwanamke anainua ghorofa, halafu hana wa kumwuliza? Siku akiamka vibaya akaamua kuinua langu?"

"Wewe una ghorofa?"

"Mfano tu!"

"Kwa hiyo waliofukiwa wamngoje mtu atoke mkutanoni."

"Wangoje kidogo. Leo ameinua, kesho atachagua nani wa kumwinua na nani wa kumwacha. Nani alimpa kazi hiyo?"

"Na huyo mwenye mhuri, wewe ulimpa lini?"

"Angalau dirisha lake nalijua. Nikionewa nitakwenda kulalamika."

"Nenda," akasema. "Foleni inaanzia kule."

Nikamwambia anachekesha, maana hataki vibali kwenye hadithi lakini humu ndani mgonjwa haguswi bila kibali chake. Akanirushia harage. Kaka akatikisika bega, na kwake hicho ndicho kicheko.

Gazeti letu halikwenda mtamboni bila Mkaguzi, kijana wa ofisi ya vibali, kusoma kila povu na kugonga mhuri. Hadithi hii haikumfurahisha. Alimwambia mhariri kwa upole kwamba Sheria imechorwa kama mnyororo, na ingefaa ofisa wa Serikali naye aseme neno zuri. Mhariri akaandika: JIANDIKISHE, MAMA KISHINDO. SERIKALI INAKULEA.

Wiki hiyo kaka alibanwa kifua. Wifi alikuwa akimgeuza, akimkalisha, akimpangusa, na mchana yuko ofisini na macho mekundu, akisinzia kalamu mkononi. Nilimwambia aombe ruhusa. Akaitazama ile kompyuta chini ya kitambaa chake. Ukurasa ule aliuandika katika hali hiyo. Mhariri akausoma, nikausoma mimi, Mkaguzi akausoma akagonga mhuri, gazeti likatoka.

Simu ya kwanza nilipokea kicheko kitupu. Mtu alicheka mpaka akakata bila kusema neno. Wa pili aliniuliza, "Dada, mnatoa wapi ujasiri huo?" Nikafungua gazeti. Ofisa wa Serikali, suti safi, tabasamu pana, mkono begani kwa Mama Kishindo, anasema: SERIKALI INAKULA.

Herufi moja. Kwa wengine herufi moja ikipotea ni kosa la tahajia, watu husamehe. Kwetu, toa E kwenye kulea, kilichobaki ni kula. Kufikia mchana gazeti halikuonekana tena vibandani. Watu wazima waliokuwa wakiwanyang'anya watoto vibonzo walikuwa wanaviazima. Makondakta, wauza maji, hata walimu, kila mtu alikuwa na ofisa yule mdomoni.

Nilimpelekea wifi gazeti mezani. Akalitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Sasa hii E nimeiacha wapi?" akasema, akaanza kupekua makaratasi yake kana kwamba imeanguka humo. Hakucheka. Mimi nilitaka kulia.

Mkaguzi alikuja kesho yake. Mhariri akamkaribisha chumbani kwa wifi, wachoraji wakajipanga mlangoni, nami nikaiacha simu ilie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akakaa. "Mama, nakuuliza kwa heshima zote. Ile herufi uliiacha makusudi?"

"Hapana."

"Basi macho yanakusumbua."

"Macho yangu mazima. Kifungo chako cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi, na vingine vyote vyeupe."

Kijana akakifunika kile kifungo kwa mkono. "Sasa ilikuwaje?"

"Nilichoka."

Alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. "Mama, hilo siwezi kuliandika. Wakisoma kwamba umechoka, watauliza umechoshwa na nani. Halafu watauliza, na aliyegonga mhuri naye alikuwa amechoka?"

"Kwani ulikuwa hujachoka?"

Kijana akaangalia viatu vyake. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, kama anamwambia mama yake. Alisema siku ile alikuwa amesoma magazeti, mashairi ya nyimbo na mabango ya maduka tangu kulipokucha, mpaka maneno yakawa yanatembea. "Nilisoma INAKULEA, mama. Naapa niliiona ile E."

"Hata mimi niliiona," akasema wifi yangu.

Nilimwonea huruma, na huruma ile iliniudhi. Miaka yote nimejigamba kwamba dirisha la kulalamikia nalijua. Leo dirisha lenyewe limekuja limekaa mbele yangu, kumbe ni mtoto wa watu aliyejishonea kifungo kwa uzi wowote uliokuwa karibu.

Alieleza yaliyobaki bila kumtazama mtu usoni. Ikiandikwa makusudi, gazeti linafungwa na sote tunakwenda nyumbani. Ikiandikwa ugonjwa wa macho, mwenye macho anapumzishwa, mashine inachukua kazi, na gazeti linaendelea. Neno la tatu hakuwa nalo. Hakuna aliyemwomba wifi chochote. Mhariri alikuwa anasoma dari. Wachoraji, watu niliokuwa nikiwamiminia chai, walikuwa wanasoma sakafu. Walimwachia aone mwenyewe, na uoga wao huo mpaka leo sijaumeza. Nilifungua mdomo nijitoe mimi, nikakumbuka kwamba mimi mshahara wangu nao ni dawa za kaka. Nikaufunga.

"Andika macho," wifi akasema.

Akatia saini. Kila herufi ilikaa mahali pake.

Mhariri alimsindikiza wifi mpaka mapokezi, amembebea kalamu zake kwenye boksi. Pale mlangoni akauliza, kwa aibu, swali la kazini, nadhani kwa kukosa la kusema. "Bi Povu, wewe unaonaje? Mama Kishindo ajiandikishe, au akatae?"

Wifi alichukua boksi lake. "Muulize kama ana mgonjwa nyumbani," akasema, akatoka.

Toleo lililofuata lilitoka na herufi za mashine, zote sawasawa. Mama Kishindo alijiandikisha. INAKULEA iliandikwa ukurasa mzima, na E yake imesimama wima, na haikusaidia kitu, maana watu walilisoma neno kwa sauti wakiiruka ile E. Wifi yangu akaanza kuandika mabango ya maduka. Wenye maduka humwomba awaachie herufi moja kwa bahati njema, naye huwaandikia zote, akakunja ngazi yake akaja nyumbani. Wanadhani anawaficha kitu.

Asubuhi moja, baada ya siku nzima juu ya ngazi, nilimsikia chumbani. "Haya bwana wangu, moja..." Nikangoja mbili. Haikuja.

Nikasogea mpaka mlangoni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto wa kaka, ule mzima, shingoni mwake, vichwa vyao vimegusana, wote wawili wametulia. Aliniona.

"Wifi, njoo ushike huku."

Mdomo wangu una kasoro, hauwezi kuacha utani upite. "Na kibali je?"

Hakucheka. Hata harage la kunirushia hakuwa nalo.

"Nimechoka, wifi," akasema.

Ni lile neno lililokosa mahali pa kuandikwa. Nikavua kandambili nikaingia. Kaka akanifuata kwa macho, na wifi akauchukua mkono wangu, akaupeleka chini ya kwapa la mumewe, akaukandamiza pale.

"Hapa," akasema. "Usimvute mkono, anaumia." Kisha akaanza kuhesabu upya.