Shukrani Mbele ya Maporomoko

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kando ya maporomoko ya Kisangani, chakula kilishukuriwa mara mbili, na kati ya shukrani hizo mbili kulikuwa na vita. Mama alishukuru kabla ya kula. Koko, bibi yangu mzaa baba, alishukuru baada ya kula, akiisha kulamba vidole na kuhakikisha kwamba sahani ni tupu kweli. Mama akifumba macho juu ya lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki, Koko aliyakodoa yake na kukilinda chakula.

"Kitu haijafika kwa tumbo, unashukuru ya nini?" alisema. "Utaamusha wenye wivu."

"Ninashukuru Mungu, Mama. Mungu haibi chakula ya batu," Mama alimjibu mkwewe.

"Mungu haibi. Lakini haiko yeye peke yake anasikia."

Mama alikuwa mtoto wa mwinjilisti wa Kindu, na alishukuru kama watu wengine wanavyopumua. Alishukuru kwa mvua, kwa sabuni, kwa kuni zilizowaka bila moshi, hata kwa mwiba ukishatoka mguuni. Papa alimtania kwamba siku moja atamshukuru Mungu kwa mbu. Koko hakucheka. Alizaliwa na wavuvi, akaolewa na wavuvi, na sheria ya wavuvi aliijua kuliko katekisimu. Mwanaume akiwa juu ya ile miti mikubwa iliyosimamishwa kwenye mawe, katikati ya maji, ambako vikapu vya kutegea samaki hufungwa kwa kamba za msituni, mwanamke aliye ukingoni huziba mdomo wake kwa kiganja. Hasifu, hashukuru, hasemi samaki ni mkubwa, mpaka mguu wa mwanaume yule ukanyage nchi kavu.

"Mayi iko na masikio," Koko alituambia sisi watoto. "Ukishukuru kitu ingali kwake, inakumbuka kwamba iko yake."

Kisha alitusimulia habari za mwanamke aliyeona kikapu cha mumewe kikimetameta kwa samaki, akapiga kelele "Aksanti!" kwa furaha, na maji yakamchukua mume yule mbele ya macho yake. Watu walisema mwanamke huyo ni Koko mwenyewe. Babu sikumkuta duniani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Msidhani Koko alikuwa mpagani. Alibatizwa, na Jumapili alitutangulia kanisani. Hakuona ugomvi wowote. Kanisa lilikuwa juu, kwenye nchi kavu, na mto ulikuwa na sheria zake. Mimi ndimi niliyeteseka, kwa kuwa niliwaamini wote wawili. Nilimwogopa Mungu asiyeshukuriwa, niliyaogopa maji yanayosikia. Basi nilisali kwa ndani, midomo imebanwa, nikitumaini kwamba Mungu atasikia na mto hautasikia.

Mwaka mmoja wakati wa mvua kubwa maji yalipanda mpaka wanaume wakaacha kwenda kwenye miti. Ndipo akaja kijana wa chama kilichotawala nchi. Mkubwa fulani alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, akasema, na mezani panatakiwa samaki kapitene mkubwa wa maporomoko.

"Sitwayeni, ni samaki ya heshima," alimwambia Papa, maana siku zile kila mwananchi aliitwa hivyo.

Miaka ile mtu hakujibu hapana. Papa alicheka naye, akamsindikiza hadi njiani, na aliporudi uso wake haukuwa na kicheko tena.

Asubuhi iliyofuata Mama alisimama mlangoni kama kawaida yake, akaanza: "Bwana, aksanti kwa—" Koko akamziba mdomo kwa kiganja, mbele yetu sisi watoto. Sikuwahi kuona mkono wa mama mkwe juu ya mdomo wa mkwewe, na sijaona tena. Papa aliinama, akachukua kamba zake, akatoka bila kutazama nyuma.

Tulimfuata mpaka kwenye mawe. Wanawake wa jirani walikuja pia, wakasimama wakiwa wameziba midomo. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na mngurumo wake niliusikia ndani ya meno. Papa alipanda, akafika kwenye kikapu, akainama. Hapo kamba moja ikakatika. Nguzo aliyoikanyaga ikachukuliwa, nyingine ikalala upande, naye akabaki amekumbatia mti mmoja, miguu ndani ya maji, na maji yanamvuta.

Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kinachonirudia usingizini hadi leo: wanawake wote wamesimama, macho yametoka, viganja midomoni. Tonton, mdogo wake Papa, alikuwa tayari anasukuma mtumbwi wa pirogi na wenzake, lakini mto uliwarudisha, ukawarudisha tena.

Ndipo nikamsikia Mama. Ilibidi apaze sauti kwa sababu ya maji.

"Bwana, aksanti kwa jana! Aksanti kwa siku alikuja kunioa Kindu na viatu ya kuazima! Aksanti kwa huyu mutoto! Aksanti kwa bati alipiga juu ya nyumba mbele ya mvua!"

Sijawahi kuogopa vile. Kila aksanti ilipotoka niliutazama ule mti na kuuona unainama zaidi. Niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba mama yangu anamuua baba yangu kwa sala.

Koko alikuja kwa hasira, mkono mmoja ungali mdomoni mwake, na kwa ule mwingine akamkamata Mama kifundo cha mkono. Nilidhani atampiga. Lakini alisimama tu hapo, amemshika, anasikiliza. Mama aliendelea: kwa vile anavyocheka, kwa samaki wa Pasaka iliyopita, kwa kisima alichochimba. Koko akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauondoa mkono mdomoni mwake.

"Sema na ile ya surua," alisema. "Alikuwa mudogo, macho ilijifunga. Batu walianza kulia. Akapona. Sema na ile."

Mama akaisema ya surua. Na Koko, ambaye tangu ujane wake hakuwahi kufumbua kinywa mbele ya maji, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Aksanti." Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu alikimbia kabisa.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa Koko alisikia nini. Mama hakushukuru kwa kuokolewa kwa Papa. Hakuligusa jambo hilo hata kidogo. Kila alichotaja kilikuwa kimekwisha kufika nchi kavu, na mto haukuwa na haki ya kukidai tena. Sheria ya Koko haikuvunjwa, ila yeye mwenyewe hakuwa amewahi kugundua kwamba ilikuwa na mlango mpana kiasi hicho.

Pirogi ilipita hatimaye chini ya mti. Papa akajiachia, mguu ukapigwa kwenye jiwe, wakamvuta kama mzigo. Walipomlaza mbele yetu, Koko hakumgusa uso. Aliushika mguu wake usioumia, akaukandamiza kwenye mwamba.

"Imefika," alisema, akakaa chini.

Mchana ule mtu alituletea fufu na mboga ya sombe. Mama alikunja mikono, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Alitetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Nilimkodolea macho. Mpaka saa ile nilidhani wanaoshukuru ni watu wasioogopa. Tukangoja.

"Chakula inapoa," Koko alisema. "Nani anashukuru?"

Basi akashukuru yeye, kabla ya kula, haraka haraka, macho wazi kabisa juu ya sahani. Na tulipomaliza akashukuru tena, maana huwezi kujua.

Mguu wa Papa haukunyooka. Hakupanda tena kwenye miti. Tulihamia Mangobo, mtaa wa mjini, akawa anasuka vikapu ambavyo wengine walitega, na Mama akakaanga ndizi za makemba sokoni. Wanawake wa kule mtoni walisema mto ulijilipa kwa ajili ya mdomo wa Mama, na mimi siwezi kuapa kwamba walikosea. Mama, bila shaka, alishukuru hata kwa mguu ule, kwa sababu ulimweka mumewe nyumbani. "Hiyo hapana," Koko alimwambia. "Usizidishe." Wote watatu, pamoja na Papa, sasa wamelala makaburini.

Mwanangu wa mwisho ni dereva wa pikipiki ya abiria. Mvua ikinyesha naye akichelewa, woga ule ule wa kwenye mawe hunirudia. Nasimama mlangoni, nafungua kinywa. Namshukuru Mungu kwa homa iliyompata akiwa mchanga ikapita, kwa kicheko chake alichorithi kwa babu yake, kwa mkate alioleta jana, kwa asubuhi ya leo aliponiaga. Nasema kwa sauti, majirani wasikie. Kwa kurudi kwake sishukuru. Hiyo naingoja mpaka niuone mguu wake ukikanyaga kizingiti.